Kamera nyepesi kwa mkono usio na nguvu: namna ya kuichagua ukiwa Lamu

Ilikuwa usiku wa kupamba, katika nyumba moja ya Langoni. Bi harusi ameshatolewa, amekaa kitini na hina yake imekolea, wanawake wamejaa hadi ngazini, vigelegele vinapishana. Mpiga picha ni mimi. Kamera iko kifuani na mkono hauinuki. Somo wa bi harusi akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, twangoja nini?" Nikamwambia betri inanisumbua. Betri ilikuwa nzima. Lililokwisha ni bega langu.

Miezi saba kabla ya hapo niliteleza kwenye ngazi za gati maji yakiwa yametoka, nikaangukia upande wa kulia. Mfupa uliunga, mshipa wa fahamu haukurudi kama zamani. Mkono wa kulia sasa unaishia kifuani, na kidole cha shahada, ambacho ndicho cha kubonyezea, kinafika kwenye kitufe lakini hakina nguvu ya kukizamisha. Usiku ule nilikuwa nimebeba Canon EOS 5D Mark III, gramu 950 pamoja na betri na kadi, mbele yake lenzi ya 24-70 ya gramu 805, na juu flashi ambayo ukiitia betri zake nne inakaribia nusu kilo. Piga hesabu: kilo mbili na robo na ushei. Kazi ikamaliziwa na mpwa wangu wa kike wa miaka kumi na minne, yeye ameshika, mimi nyuma yake namwambia sogea, inama, subiri, haya piga. Picha zilipatikana, nyingi zimelala upande.

Tangu wakati huo nimebadilisha vifaa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilitupa pesa. Huu hapa ndio mpangilio ninaompa kila anayenijia kuniuliza, awe amekatwa mkono, anatembea kwa gongo, au mgongo umemchoka.

Hatua ya kwanza: andika habari za mwili wako

Chukua karatasi kabla hujafungua mtandao kutazama kamera. Usiandike jina la ugonjwa, maana halikusaidii kuchagua. Andika mwili unafanya nini na unakataa nini.

Mkono upi una nguvu? Unainuka mpaka wapi, kifuani, kidevuni, machoni? Vidole vipi vinaweza kubonyeza, na vipi vinaweza kuzungusha kitu? Hayo mawili hayafanani: mimi kidole gumba cha kulia kinazungusha vizuri tu, lakini hakibonyezi. Unapiga picha umesimama, umekaa, au unatembea? Mkono wa pili uko huru, au umeshika gongo, au umeshika ukuta? Unachoka baada ya dakika ngapi, na ukichoka unatetemeka, unakufa ganzi, au unaumwa tu?

Halafu andika kazi zako. Mimi kazi yangu kubwa ni harusi upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamume haingii, na simu za wageni mara nyingi huachwa mlangoni. Nafanya kazi ndani, usiku, kwa saa nne au tano, na watu wako karibu nami. Nyingine ni picha za vyumba na milango kwa wenye nyumba za wageni wa Shela. Ndege sipigi, mpira sipigi. Kwa hiyo lenzi refu, zile ambazo ndizo zenye uzito wa kumvunja mtu, nilizifuta karatasini siku ya kwanza. Dada mmoja aliyekuja kwangu alitaka kamera ya mashindano ya mashua na ya punda. Kwake lenzi refu haikwepeki, na ushauri wangu kwake ulikuwa mwingine kabisa.

Hatua ya pili: jaribu kwa chupa ya maji

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa ya nusu lita iliyojaa ni nusu kilo pamoja na uzito mdogo wa plastiki. Ukiwa na chupa mbili tatu nyumbani unaweza kuijaribu kamera yoyote duniani kabla hujatoa senti. Soma uzito wake kwenye maelezo ya kiwanda, jaza maji kiasi hicho, basi umeishika.

Ila ifanye kweli. Usiinue chupa mara moja ukasema "naweza". Ishike pale ambapo kamera itakaa, kwa mkono utakaoutumia, hesabu hadi sitini, ishushe, pumzika kidogo, rudia mara kumi. Kisha ifunge kwenye kamba, itie begani, toka nyumbani ukatembee Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, kutoka Langoni hadi Mkomani na kurudi. Huko utapishana na punda wa mchanga, utabanwa ukutani na mkokoteni, utapanda na kushuka vizingiti. Ukirudi, sikiliza bega, shingo, kifundo cha mkono. Sikiliza tena kesho yake asubuhi, kwani maumivu ya kamera ni kama ya kutwanga, huja ukishalala.

Kwangu chupa ya lita moja ilinishinda katika dakika ya tatu. Ya robo tatu niliiweza, ila usiku sikulala vizuri. Nusu lita na glasi moja juu yake ndipo mwili ulipokubali. Nikaandika karatasini: gramu 650, kila kitu kikiwa ndani. Wewe utapata namba yako. Ukishaipata, usimwache muuzaji akubembeleze uipite.

Hatua ya tatu: jumlisha kila kitu

Matangazo hupenda kutaja uzito wa kamera tupu, mara nyingine bila hata betri. Kamera tupu haipigi picha. Jumlisha mwili wa kamera, betri, kadi, lenzi, mkanda, na chochote utakachokifunga juu yake.

Mzigo ulianza kupungua sokoni zilipokuja kamera zisizo na kioo ndani, zile ambazo wauzaji wanaziita mirolesi. DSLR, aina ya kamera kama ile niliyobeba usiku ule, ina kioo kinachoruka kila unapopiga, na juu yake kuna nundu ya vioo vingine vya kukuletea picha jichoni. Ondoa vyote hivyo, kamera inakonda. Lakini usidanganyike hapo: zipo mirolesi ambazo ukizitia lenzi yake kubwa zinarudi palepale kwenye kilo mbili. Uzito mwingi uko kwenye lenzi, na ukubwa wa lenzi unafuata ukubwa wa sensa, kile kidude ndani kinachopokea mwanga.

Sensa kubwa inayotumiwa sana na wapiga picha wa kazi ni ya milimita 36 kwa 24. Inayofuata, APS-C, ina kama 23.5 kwa 15.6. Kisha kuna ya Micro Four Thirds, mfumo ambao Olympus na Panasonic waliutangaza mwaka 2008, wenye sensa ya 17.3 kwa 13. Kadiri sensa inavyopungua, lenzi inaweza kupungua pia. Chukua lenzi ya sura za watu, ambayo kila mpiga harusi anaitaka. Kwa DSLR ya Canon ile ya 85mm f/1.8 (mm ni kiasi cha kuvuta mbali, f ni uwazi wa kupokea mwanga, na f ikiwa ndogo mwanga ni mwingi) ina gramu 425. Kwa Micro Four Thirds, ya Olympus ya 45mm f/1.8 inakupa karibu upana uleule wa picha kwa gramu 116. Umepunguza gramu mia tatu papo hapo, na bado hujagusa kamera yenyewe.

Kwa yule dada wa mashua hesabu ilikuwa nzito zaidi. Lenzi ya Canon ya 70-200 f/2.8, toleo la pili lenye kituliza mtetemo, ina gramu 1,490. Ya Olympus ya 40-150mm, ile ya bei nafuu ya f/4-5.6, ina gramu 190 na inavuta mbali zaidi. Kilo moja na gramu mia tatu zimeondoka. Bure? Hapana. Ile nzito hupokea mwanga mwingi zaidi, na ile nyepesi ukiipeleka usiku wa Maulidi nje ya Msikiti wa Riyadha itakupa picha zenye chengachenga. Lakini mashindano ya mashua hufanyika jua likiwa kali, mwanga umejaa tele hadi unaumiza macho. Kwa kazi ile nyepesi inatosha, na asiyeweza kunyanyua ile nzito haimfai kitu hata ingekuwa bora mara kumi.

Seti tatu ambazo mimi ningezitia kwenye orodha ya kuanzia: Sony ZV-E10 na lenzi ya 16-50 inayojivuta kwa mota, gramu 343 na 116, jumla 459. Olympus E-M10 Mark IV na 14-42 EZ, gramu 383 na 93, jumla 476. Canon EOS R50 na 18-45, gramu 375 na 130, jumla 505. Zote tatu ziko jirani ya chupa ya nusu lita. Baada ya hapo mizani haina tena la kukuambia.

Hatua ya nne: fuata njia ya mkono kutoka mkobani hadi kitufeni

Hapa ndipo nilipopoteza pesa zangu za kwanza. Niliagiza kamera nyepesi mtandaoni, nimeshajua namba yangu, uzito umo ndani ya mpaka, nimefurahi. Ikaja Mokowe kwa basi, ikavuka kwa boti, nikaifungua kitandani. Nikaiwasha. Skrini ikaniambia zungusha lenzi kwanza. Lenzi yenyewe ilikuwa ya kukunja: ikizimwa inakaa fupi, na kabla ya picha lazima uibane na kuizungusha mpaka ichomoze. Mtu mwenye mikono miwili anafanya hivyo bila kujua kuwa amefanya. Mimi niliibana kamera kwa magoti, nikazungusha kwa mkono wa kushoto, nikainua, nikapiga. Nyumbani sawa. Katikati ya wanawake mia mbili, nimesimama, buibui mwilini, magoti nitayatoa wapi?

Nilipompigia aliyeniuzia akanijibu kuwa kamera ni nzima na bidhaa nzima hairudi. Kweli, ilikuwa nzima.

Basi jaribio ni hili. Ukiwa umeishika kamera, iwe dukani au kwa rafiki, fanya kila tendo kwa mkono utakaoutumia kweli, ule mwingine uufunge kwa leso ili usikusaidie kwa siri. Itoe mkobani. Vua kifuniko cha lenzi. Washa. Vuta karibu, rudisha nyuma. Weka fokasi kwenye jicho la mtu. Piga. Tazama picha uliyoipiga. Ongeza mwanga. Badilisha betri, na hapo tazama vizuri kile kimlango cha chini, vingine vina kilati kidogo mno kwa kidole kisicho na hisia. Toa kadi. Zima. Tendo lolote ulilotumia meno, goti au kidevu, liandike, kisha jiulize litafanyika mara ngapi katika kazi moja. Kadi mara moja kwa usiku, sawa, mwombe mtu. Lenzi ya kuzungusha kila baada ya dakika mbili, hapana.

Zumu ya mota ndiyo iliyoniokoa. Kwenye ZV-E10 kuna kiringi kidogo kuzunguka kitufe cha kupigia. Unakisukuma kwa kidole na lenzi ya 16-50 inasogea yenyewe. Ile 14-42 EZ ya Olympus hutoka yenyewe ukiwasha, lakini kuvuta bado unazungusha pete, japo laini sana. Mahali pa swichi nako kuna maneno: kwenye E-M10 swichi iko juu upande wa kushoto, neema kwa anayetumia kushoto, kero kwa aliyebakiwa na kulia peke yake. Canon na Sony nilizotaja zinawashwa kwa kulia.

Mambo mengine usiyoyasahau. Skrini ya kugusa, ambayo unaigusa usoni pa mtu na kamera inalenga na kupiga hapohapo, inafaa sana kwa asiyeweza kubonyeza kitufe kigumu. Skrini inayofunguka, ili mkono ubaki kifuani na macho yatazame chini. Fokasi inayofuata jicho la mtu yenyewe. Kuchaji kwa waya wa USB bila kutoa betri. Hizi kamera ndogo hula betri, kwa hiyo kati ya mapambo na chakula mimi huichomeka kwenye pawabenki ikiwa mkobani.

Ile ya pili niliyokosea ilikuwa ya mfukoni kabisa, gramu mia tatu. Nilifikiri nikipunguza tena nitapumzika zaidi. Ilikuwa kama kushika kipande cha sabuni: haina mahali pa kukamata, vitufe ni punje za mtama, na baada ya nusu saa vidole vilikuwa vimejikunja kwa kuibana isianguke. Kamera yenye kishikio kinene cha kujaza kiganja huchosha kidogo hata ikiwa nzito kuliko hiyo kwa gramu mia.

Kwa anayetegemea mkono wa kushoto

Kamera zote za dukani leo zina kitufe upande wa kulia. Kule Dresden, Ujerumani, kiwanda cha Ihagee kilitoa Kine Exakta mwaka 1936 ikiwa na kitufe kushoto, lakini hiyo ni ya filamu na ni ya makumbusho zaidi kuliko ya harusi. Sisi tunabaki na njia tatu.

Ya kwanza haina gharama: igeuze kamera juu chini. Kitufe sasa kiko kushoto, chini, na unakibonyeza kwa gumba. Picha ikitoka imegeuka unaizungusha kwenye kompyuta. Inachekesha watu mwanzoni, wakishazoea hawakuoni tena.

Ya pili ni kishikio cha chini kilicho tayari. Sony wana GP-VPT2BT, gramu 215, ambacho hufungwa chini ya kamera kama mpini, na vitufe vya kupiga na vya zumu vimo kwenye mpini wenyewe, mbele ya gumba, mkono wowote. Kinaongea na kamera kwa bluetooth.

Ya tatu ndiyo yangu, na ilitoka kwa seremala wa mtaani, mtu aliyezoea kuchonga milango. Nilimpelekea kamera na mkono wangu. Akanishikisha donge la udongo, nikalibana, alama za vidole zikabaki. Akachonga mti kwa kufuata zile alama. Mpini una urefu wa kiganja, umenona katikati, na pembeni una kijinafasi ambamo rimoti ndogo ya bluetooth imekaa kwa mpira, gumba langu la kushoto liko juu yake muda wote. Kamera, lenzi, mpini na rimoti, vyote haviifikii ile 650 yangu.

Ukitaka kuchongesha, sikiliza habari ya skrubu, usiharibu kamera ya watu. Tundu la chini la kamera ni la robo inchi, nyuzi ishirini kwa inchi. Maduka yetu ya vifaa vya ujenzi yamejaa bolti za milimita sita, M6, na kwa macho zinafanana. Ya M6 itaingia mizunguko miwili, italegea au itakwama, na ukilazimisha inakula nyuzi za kamera. Omba ya robo inchi kwa jina, na ijaribu kwa vidole, bila spana. Halafu kata urefu: ile inayoingia ndani ya kamera isifike milimita 5.5, ikizidi inagusa sakafu ya tundu na kuisukuma. Sisi tuliweka washa mbili za mpira kati ya mti na kamera.

Hatua ya tano: mahali pa kuuning'iniza uzito

Mkanda wa shingoni unaokuja ndani ya boksi uache humo. Mtu mwenye shingo au bega bovu haufai kwake hata kwa gramu mia nne. Mkanda wa kuvuka kifua, kutoka bega zima hadi nyonga ya upande wa pili, hugawa mzigo mgongoni. Shida yetu sisi ni buibui. Kitambaa kile kinateleza, mkanda wa nailoni hauketi, kila ukiinama kamera inakuja mbele na kumgonga mtoto wa watu kichwani.

Dawa niliipata kwa mshona matanga. Alinikatia ukanda wa turubai nzito ya pamba, ileile ya mashua, upana wa vidole vinne, akaushona mara mbili kwa uzi wa tanga na chini yake akatia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mahali panapokaa bega. Hauhami. Aliniuliza unabeba nini, nikamwambia kamera, akasema nilidhani nanga.

Anayetembea kwa gongo namshauri aongeze kamba fupi ya kifundo cha mkono, ili akihitaji kushika ukuta aiachie kamera bila kuwaza. Na yeyote anayepanda boti, mwenye ulemavu au hana, kamera iwe ndani ya mkoba uliofungwa zipu kabla hajakanyaga ngazi ya gati. Ngazi zile na mimi tunajuana.

Aliye kwenye kiti cha magurudumu ana bahati moja: kiti ni stendi. Kibano cha chuma kwenye bomba la kiti, juu yake kichwa kidogo cha tripodi, na kamera haina uzito tena mkononi. Usipige kiti kikiwa kinasogea juu ya mawe, simama kwanza. Mitaa ya ndani ina vizingiti na mifereji, lakini Usita wa Pwani unapitika, na kimo kile cha chini huwatoa vizuri watoto na punda kuliko sisi tunaopiga kutoka juu.

Hatua ya sita: mkono unaotetemeka

Kamera nyepesi hutikisika haraka kuliko nzito. Hilo wauzaji hawalisemi. Kwa hiyo anayetetemeka atafute kituliza mtetemo ndani ya kamera yenyewe, kama E-M10 inavyokuwa nacho, ambacho husaidia kila lenzi utakayoitia. ZV-E10 na R50 hutegemea kile kilicho ndani ya lenzi. Na kituliza kinatuliza mkono wako tu. Bi harusi akigeuka ghafla, atatoka na ukungu hata kamera ingewekwa juu ya jiwe, hapo unahitaji kasi. Mimi usiku siendi chini ya 1/160 ya sekunde, na siku mbaya napanda hadi 1/250.

Kwa kasi hiyo unahitaji mwanga. Mimi flashi juu ya kamera niliiacha, ni uzito mahali pabaya. Naweka taa mbili za LED kwenye stendi pembeni mwa kiti cha bi harusi kabla wageni hawajaingia, anazifunga mpwa wangu, nami nabaki na kamera tupu mkononi. Viwiko navitia mbavuni, nyumba ikiwa na baraza nakaa barazani, natoa pumzi nusu, napiga tatu mfululizo. Ya katikati ndiyo hutulia mara nyingi.

Kuna na kamba. Skrubu ya robo inchi chini ya kamera, kamba imefungwa hapo na kufika chini, mguu unaikanyaga, wewe unavuta kamera juu kidogo mpaka kamba ikaze. Mtikisiko wa juu na chini unapungua sana, na kamba haina uzito wowote.

Simu je?

Naulizwa kila wiki. Kama kazi yako ni picha za mchana za kuweka mtandaoni, simu nzuri ya gramu mia mbili inatosha, na vitufe vyake vya sauti hupiga picha. Asiye na vidole kabisa aitazame GoPro, ambayo tangu HERO5 ya mwaka 2016 hupokea amri za sauti. Utasema maneno ya Kiingereza mawili matatu na itapiga. Mimi siwezi kuingia na simu kwenye kupamba, wenye shughuli hawataki, kwa hiyo kwangu swali hilo liliisha mapema.

Hatua ya saba: kununua

Usinunue kitu ambacho mkono wako haujakishika. Najua duka letu la karibu lenye kamera za kuchagua liko Mombasa na safari ya basi kutoka Mokowe si mchezo. Nenda hata hivyo, au subiri mpiga picha mwenye kamera hiyo aje kisiwani, na msimu wa wageni huwa wanakuja wengi, umwombe dakika kumi. Ukienda dukani nenda na mkanda wako, mpini wako, karatasi yako na leso ya kufungia ule mkono wa pili. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae. Kama ni ya mkononi, fungua lenzi uielekeze kwenye mwanga utazame nyuzi nyeupe za ukungu. Kamera zilizokaa pwani huzipata, na haziishi kwa kufuta.

Ukiwa Mkenya na hujajiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, fanya hivyo kabla ya kununua. Utapimwa hospitalini na kujaza fomu. Kuna mfuko unaosaidia vifaa saidizi na vikundi vya kujiinua kiuchumi, na ukishapata cheti cha msamaha wa kodi, mapato yako hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi ya mapato. Mimi nilichelewa kwa kuona haya.

Hatua ya nane: chumvi

Ukiwa na mkono mmoja, nunua lenzi moja ya zumu na uiache kwenye kamera. Kubadilisha lenzi ufukweni wakati wa kusi, mchanga unaruka, hata wenye mikono miwili wanajuta. Ukirudi nyumbani, kitambaa cha pamba kilicholowa maji baridi na kukamuliwa sana, pitisha kwenye kamera yote na kwenye chuma cha mkanda, kisha kikavu. Mpini wa mti unataka tone la mafuta mara kwa mara.

Iweke ndani ya chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Mchele hauvuti unyevu wa maana na unaacha vumbi. Masanduku mengi ya namna hiyo yana vibano vinne vya pembeni vinavyotaka mikono miwili. La kwangu ni debe la kifuniko cha kuzungusha. Nalibana kwa magoti, nyumbani hakuna anayenitazama.